Masomo ya Chuo kwa Njia ya Mtandao: Tuketi Kwanza, Tuhesabu Saa



Mpendwa msomaji, kila mwaka matokeo ya kidato cha sita yanapotangazwa na vyuo vinapofungua udahili, maswali ya aina moja huletwa kwetu baada ya Misa na katika mikutano ya Jumuiya Ndogo Ndogo za Kikristo. Mwalimu wa shule ya msingi wilayani Kishapu anauliza kama anaweza kupata shahada pasipo kuliacha darasa lake. Kijana anayefanya kazi ya zamu mgodini Bulyanhulu anauliza kama chuo kitamsubiri wiki anazoingia usiku. Mama mwenye duka Katoro anauliza kama cheti kilichosomewa kwenye simu ni cheti cha kweli. Wazazi wa Bukombe wanauliza kama binti yao, aliyekatishwa masomo na uzazi, angali na mlango wa kuingilia.

Maswali hayo ni mema, na majibu yake yapo. Lakini kabla ya kuyajibu, tunapenda kukiri kosa letu. Miaka michache iliyopita mwanaparokia mwenzetu, mama wa watoto wanne na mtumishi wa umma, alijiandikisha kusoma shahada kwa njia ya mtandao. Tulimpongeza hadharani na Jumuiya ikamchangia sehemu ya ada. Muhula wa kwanza ulipokwisha alikuwa amefanya mtihani mmoja tu kati ya mitano, na wa pili ulipoanza hakurudi. Hakukosa akili wala ada. Alikosa saa. Sisi tuliompigia makofi hatukumuuliza saa hizo angezitoa wapi, wala hatukumwachia hata moja: kila Jumamosi tulikuwa tukimpigia simu aje kwenye kamati ya harusi, kikao cha WAWATA au usafi wa kanisa.

Bwana wetu, katika Injili ya Luka sura ya 14, anamtaja mtu anayetaka kujenga mnara. Mtu huyo hana budi kuketi kwanza na kuhesabu gharama, asije akaweka msingi, akashindwa kumaliza, na wapita njia wakamcheka. Makala hii inakusudia kumsaidia msomaji kuketi na kuhesabu, kwa kuwa gharama kubwa ya masomo ya mtandaoni haionekani kwenye fomu ya ada.

Jambo hili si geni kwetu

Wengi hudhani kusoma kwa mbali kumeletwa na simu za kisasa. Sivyo. Wazee wetu wanakumbuka masomo kwa njia ya posta, ambapo vijitabu vilifika kwa basi au kwa treni na majibu yakarudishwa kwa bahasha. Wanazikumbuka pia kampeni za redio: Wakati wa Furaha mwaka 1971, Mtu ni Afya mwaka 1973 na Chakula ni Uhai mwaka 1975. Katika kampeni ya Mtu ni Afya takriban watu wazima milioni mbili nchini walijifunza kuchimba vyoo, kuchemsha maji na kujikinga na malaria.

Tuitazame kwa makini siri ya mafanikio ya kampeni ile. Redio ilikuwa chombo tu. Watu walikusanyika katika vikundi vijijini, kila kikundi na kiongozi wake na kijitabu chake, siku na saa ikiwa imepangwa. Walisikiliza pamoja, wakajadiliana, kisha wakaenda kuchimba choo. Mwalimu alikuwa mbali, bali wenzako walikuwa karibu. Tutalirudia jambo hili mwishoni.

Kwa ngazi ya chuo kikuu, Chuo Kikuu Huria cha Tanzania kilianzishwa kwa Sheria Namba 17 ya mwaka 1992, na wanafunzi wake wa kwanza walianza mwaka 1994. Makao yake makuu yako Kinondoni, Dar es Salaam, lakini kina vituo mikoani, Shinyanga na Geita ikiwa miongoni mwake. Kwa miaka mingi mwanafunzi wake alitegemea vitabu vilivyochapwa na safari za kwenda kituoni. Leo sehemu kubwa ya masomo imehamia mtandaoni. Machi 2020, vyuo vyote nchini vilipofungwa kwa sababu ya ugonjwa wa korona hadi Juni mosi, vyuo vya kawaida navyo vilitambua kwamba lazima viijue njia hii.

Masomo yanavyoendeshwa

Hatua ya kwanza ni udahili, na hapa mtandao haupunguzi sifa zinazotakiwa. Anayetaka shahada anahitaji, kwa utaratibu wa Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania, yaani TCU, ufaulu wa masomo mawili ya kidato cha sita katika kiwango kinachokubalika, yenye jumla ya pointi zisizopungua 4. Au stashahada yenye wastani wa GPA usiopungua 3.0. Asiye na sifa hizo anaweza kuulizia programu ya msingi inayotolewa na Chuo Kikuu Huria, ambayo humwandaa mtu kwa ajili ya shahada. Anayeanzia ngazi ya cheti kwa kawaida huhitaji ufaulu wa masomo manne ya kidato cha nne, na masomo ya dini hayahesabiwi humo. Tunawapenda vijana wanaofaulu Maarifa ya Biblia, lakini ni vema walijue hili mapema. Na ambaye hakufika kidato cha nne asikate tamaa: uko Mtihani wa Maarifa wa Baraza la Mitihani, unaomfungulia mtu mzima njia ya kufanya mtihani wa kidato cha nne akiwa mtahiniwa wa kujitegemea.

Mwombaji akikubaliwa hupewa namba ya usajili na nywila ya kuingilia katika mfumo wa masomo wa chuo. Mfumo huo tuufananishe na jengo la shule lenye vyumba. Kila somo lina chumba chake, na ndani yake mwanafunzi hukuta mpango wa somo, maandiko ya kusoma, sauti au video za mhadhiri, mahali pa kuuliza maswali na mahali pa kuwasilisha kazi. Mihadhara mingine hufanyika moja kwa moja kwa saa iliyotangazwa. Mingine hurekodiwa ili kila mmoja aisikilize kwa nafasi yake. Kwa kijana wa zamu ya usiku hiyo iliyorekodiwa ni neema kubwa. Lakini neema hiyo hugeuka mtego kwa anayesema kila siku, “Nitasikiliza kesho.”

Kila somo lina kazi na majaribio yenye tarehe ya mwisho. Tarehe hiyo ikipita, mara nyingi mfumo hujifunga wenyewe. Hakuna mwalimu wa kubembelezwa mlangoni. Asiyekamilisha majaribio anaweza kuzuiwa kufanya mtihani wa mwisho, nao kwa kawaida hufanyika chini ya usimamizi, mwanafunzi akiwa na kitambulisho chake. Kwa hiyo mkazi wa Nyarugusu au wa Runzewe aiweke katika bajeti yake nauli ya kufika kituo cha mkoa, pamoja na malazi ya siku za mitihani.

Yapo pia masomo yasiyoweza kukamilika kwenye kioo cha simu. Anayesomea ualimu lazima aende shuleni kwa mazoezi ya kufundisha. Uuguzi, udaktari na kazi za maabara hudai wodi, wagonjwa na vifaa. Tangazo linaloahidi kumfanya mtu muuguzi kwa simu peke yake ni la kuogopwa.

Hesabu ya saa

Sasa tufike kwenye kiini cha makala hii. Katika mfumo wa sifa za elimu ya juu nchini, uzito wa kila somo hupimwa kwa krediti, na krediti 1 ni saa 10 za kujifunza. Saa hizo si za mhadhara tu. Ndani yake mna kusoma, kuandika kazi, kujadiliana na kujiandaa kwa mtihani. Somo la krediti 10 ni saa 100. Mwaka mmoja wa masomo kamili ni krediti 120, yaani saa 1,200. Shahada ya miaka mitatu ni krediti 360, yaani saa 3,600.

Tuzigawe saa 1,200 kwa wiki 50 za mwaka: ni saa 24 kila wiki. Mfanyakazi anayetoka kazini saa kumi jioni angelazimika kusoma saa 4 kila siku, Jumatatu hadi Jumamosi, bila kuugua, bila msiba, bila mvua za kupanda mahindi, na umeme usikatike. Ni wachache wanaoweza. Ndugu yetu tuliyemtaja hapo juu alijiandikishia mzigo huu wote kwa sababu alitaka kumaliza haraka.

Ipo njia nyingine. Kusoma huria kuna faida hii, kwamba chuo humruhusu mwanafunzi kuchukua masomo machache zaidi na kutumia miaka mingi zaidi. Akichukua nusu ya mzigo, hesabu inashuka kuwa saa 12 kwa wiki: saa 2 kila siku, siku sita, na Dominika inabaki kuwa siku ya Bwana na ya familia. Shahada itachukua miaka sita badala ya mitatu. Miaka hiyo sita itapita vyovyote vile, mtu akisoma au asiposoma. Hayati Nelson Mandela alianza kusomea sheria akiwa kijana, akaendelea kwa njia ya posta akiwa gerezani, na alipata shahada yake ya sheria kutoka Chuo Kikuu cha Afrika Kusini mwaka 1989, akiwa bado kifungoni na umri umepita miaka 70. Bandu bandu huisha gogo.

Kwa hiyo tunamshauri anayefikiri kuanza afanye jaribio dogo. Kwa wiki nne mfululizo, kabla ya kulipa hata shilingi moja, achague saa mbili za kila siku na azitumie kusoma kitabu chochote kigumu na kuandika muhtasari wake. Akiweza wiki zote nne, yuko tayari. Akishindwa, ajue ni nini kilichozila saa zake, akirekebishe, kisha ajaribu tena. Jaribio hilo halina ada.

Vifaa na fedha

Simu janja inatosha kusikiliza mhadhara na kusoma maandiko mafupi. Haitoshi kuandika kazi ya kurasa kumi. Mwanafunzi anahitaji kompyuta, hata iliyotumika, au mahali pa uhakika pa kuazima. Anahitaji kujua kuandika kwenye kompyuta, kuhifadhi kazi yake mahali pawili na kutuma faili. Asiyejua ajifunze kwanza. Wiki chache za mafunzo ya kompyuta zitamwokolea muhula mzima.

Kuhusu mtandao, tabia nzuri ni kupakua maandiko yote ya somo siku yenye kifurushi na mawasiliano mazuri, kisha kusoma bila mtandao siku zinazofuata. Walio maeneo yenye mawimbi hafifu wasingoje usiku wa mwisho kutuma kazi. Tarehe ya mwisho iwe kwao siku tatu kabla ya ile iliyoandikwa.

Neno kwa ndugu zetu wachimbaji wadogo na wote wanaoishi kwa dhahabu. Fedha ya duara haina tarehe. Leo mfuko wa mawe umetoa, kesho karasha inasaga vumbi tupu. Chuo, kwa upande wake, kina tarehe. Kwa hiyo siku dhahabu inapouzwa, ada ya muhula ilipwe kabla ya mambo mengine kuanza kudai. Tumewaona vijana wenye bidii wakisimama katikati ya safari kwa sababu waliitegemea ada katika duara ambalo lilikuwa bado halijafika kwenye mwamba.

Tahadhari ya matapeli

Penye njaa ya elimu, hapakosi wauza shibe ya uongo. Kabla ya kulipa, mtu ahakikishe mambo matatu. Kwanza, chuo kimetambuliwa: vyuo vikuu na TCU, na vyuo vya cheti na stashahada na Baraza la Taifa la Elimu ya Ufundi na Mafunzo ya Ufundi Stadi, yaani NACTVET. Orodha zao ziko wazi kwa kila mtu. Pili, programu yenyewe imetambuliwa, si chuo tu, na imeruhusiwa kutolewa kwa njia hiyo ya mtandao. Tatu, malipo yanakwenda kwenye taasisi. Vyuo vya umma hupokea ada kwa kumbukumbu namba ya malipo ya Serikali. Anayeomba ada itumwe kwenye namba yake binafsi ya simu, hata akijiita ofisa udahili, asitumiwe.

Shahada zitolewazo na vyuo vya nchi za nje kwa mtandao nazo zinahitaji kutambuliwa na TCU ndipo zitumike hapa kwetu. Ulizia utambuzi huo kabla ya kuanza, si baada ya kuhitimu. Na chuo kinachoahidi shahada kwa miezi michache kimekwisha kujieleza chenyewe: saa 3,600 hazipatikani katika miezi michache.

Uaminifu mahali pasipo na msimamizi

Katika darasa la kawaida mwalimu anakuona. Mtandaoni, mara nyingi anayekuona ni Mungu na dhamiri yako. Kishawishi cha kumlipa mtu akuandikie kazi, au kunakili ya mwenzako, kiko mlangoni kila wiki. Siku hizi imeongezeka akili unde, inayoandika insha nzima kwa dakika moja. Waraka Antiqua et Nova, uliotolewa na Vatikani tarehe 28 Januari 2025, unatahadharisha kwamba katika elimu vyombo hivi vinaweza kumpa mwanafunzi majibu badala ya kumsaidia kuyafikia mwenyewe. Kuvitumia kuelewa jambo gumu si dhambi, iwapo chuo kinaruhusu. Kuwasilisha kazi yake kama yako ni uongo.

Tena uongo huo una mwenye kuumia. Mwalimu aliyeandikiwa kazi zake atasimama mbele ya watoto wa Kishapu bila kujua anachofundisha. Mhasibu aliyenunua majibu atakabidhiwa fedha za chama cha akiba cha wanyonge. Vyuo vina njia za kugundua kazi zilizonakiliwa, na adhabu yake yaweza kuwa kufukuzwa. Lakini hata asiyegunduliwa amejiibia mwenyewe.

Deni letu sisi tusiosoma

Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika tamko lake juu ya elimu ya Kikristo, Gravissimum Educationis, la tarehe 28 Oktoba 1965, unafundisha kwamba watu wote, wa kila kabila, hali na umri, wana haki ya elimu. Haki hiyo haiishii kwenye kuchangia ada. Mtu mzima anayesoma nyumbani anahitaji familia na Jumuiya zimpatie saa zake.

Kwa mume ambaye mkewe anasoma, mchango ulio bora ni kuwaogesha watoto na kuwasimamia kazi zao za shule saa mbili za jioni. Tunalisema hili waziwazi kwa UWAKA, kwa kuwa katika nyumba zetu mwanaume akisoma watoto huambiwa wanyamaze, na mwanamke akisoma huulizwa chakula kiko wapi. Wazazi wa binti aliyerudi masomoni wamlelee mtoto wake bila kumkumbusha kosa kila siku. Viongozi wa Jumuiya wajue ni nani anayesoma na wampunguzie vikao kipindi cha mitihani; hajapoa kiimani, yuko kazini.

Na hapa tunarudi kwenye redio ya mwaka 1973. Upweke huwaangusha wanafunzi wa mtandaoni kama ugumu wa masomo unavyowaangusha. Wazee wetu walijua kwamba mwalimu aliye mbali huhitaji kikundi kilicho karibu. Tunapendekeza parokia zenye ukumbi na umeme zifikirie kuwatengea wanafunzi hawa meza na taa jioni mbili kwa wiki, hata kama wanasoma vyuo na masomo tofauti. Kukaa pamoja kimya, kila mtu na kitabu chake, kunatia nguvu. VIWAWA wenye ujuzi wa kompyuta wanaweza kuwafundisha wakubwa zao kutuma faili. Utume huo hauhitaji fedha nyingi.

Tunamkumbuka tena yule mama. Mwaka huu ameulizia upya, safari hii kwa masomo mawili tu katika muhula. Kabla ya kumpongeza, tumemuuliza ni saa zipi atasoma. Ametujibu: saa mbili usiku hadi saa nne, Jumatatu hadi Jumamosi. Basi tunawaomba wote wenye namba yake ya simu, nasi tukiwa wa kwanza, tusimpigie saa hizo.

Mungu Baba, aliye asili ya hekima yote, awabariki wote wanaojifunza, na wote wanaowapa nafasi ya kujifunza.